Bi Kidude alikuwa wa nani?

Barabara ya kaskazini, ile inayotoka mjini na kwenda kumalizikia Matemwe kwenye mchanga, hupita Bububu kabla haijafika Mahonda kwenye miwa. Daladala za 118 hupita hapo kutwa, abiria wamebanana, magunia na madumu juu. Ni katika Bububu hiyo ndipo alipokata roho Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Ilikuwa Jumatano, 17 Aprili 2013. Kesho yake akazikwa Kitumba, na watu waliojitokeza walikuwa wengi kama wanavyojitokeza kwa kiongozi wa nchi au sheikh mkubwa.

Mimi kinachonishughulisha hapo ni anwani. Nyumba ya Bi Kidude haikuwa Bububu. Ilikuwa Rahaleo, Ng'ambo, mtaa ule ule wenye kituo cha redio kilichokuwa kikiirusha sauti yake. Rahaleo ndiko alikoishi kwa miongo mingi, ndiko wageni walikopelekwa wakitaka kumwona, ndiko wasichana walikomfuata kufundwa. Sasa ilikuwaje bibi wa Rahaleo akafie Bububu? Jibu fupi ni kwamba alichukuliwa na jamaa zake akauguzwe. Jibu refu ni historia nzima ya mwanamke asiye na mtoto, aliyeishi kwa jukwaa, na ambaye mwishoni kila mtu aliona ana haki naye.

Mwaka 2012 mjini palivuma habari kwamba Bi Kidude hayuko. Waliozoea kumkuta Rahaleo walimkosa. Ikaja kujulikana kwamba mmoja wa jamaa zake wa damu amemchukua na kumweka kwake Bububu. Jamaa huyo akasema bibi mgonjwa, mzee, amechoka, na wakati umefika aachwe apumzike. Tena wale wanaomzungusha majukwaani wanamtumia, wanakula kwa mgongo wake. Upande wa pili, wanamuziki wenzake na watu waliokuwa wakimpangia safari na maonyesho waliona ametekwa. Neno hilo hasa, ametekwa, ndilo lililosafiri mpaka nje ya nchi. Andy Jones, Mwingereza aliyekwisha kumtengenezea filamu ya As Old as My Tongue mwaka 2006, akarudi Unguja na kamera yake kuulizia mambo yalivyokuwa. Ikatoka filamu ya pili, I Shot Bi Kidude, mwaka 2015, bibi mwenyewe keshalala Kitumba. Jina hilo kwa Kiingereza lina utani wake, na kwa bahati Kiswahili kinauweza utani huo huo bila taabu, maana kwetu picha hupigwa na risasi hupigwa.

Nimeitazama filamu ile zaidi ya mara moja. Kila ninapoitazama namaliza nikiwa sina wa kumlaumu peke yake. Jamaa anazungumza kama mtu wa ukoo aliyeona bibi yake anadhalilishwa. Wanamuziki wanazungumza kama watu walionyang'anywa mama. Na wote wawili, mimi nawaamini, kwa kiasi. Ukiishi Zanzibar unajua kesi za namna hii haziishi: mzee mwenye nyumba, mzee mwenye mikarafuu, mzee mwenye kiwanja pwani ambacho Mzungu anakitaka, na ghafla jamaa wanazuka kila kona. Tofauti ni kwamba Bi Kidude hakuwa na mikarafuu. Alichokuwa nacho ni koo lake.

Turudi nyuma kidogo.

Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, baba yake muuza nazi. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Mwenyewe alikuwa akisema amezaliwa zama za rupia. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini kama ushahidi haitufikishi mbali, maana Zanzibar ilitumia rupia mpaka 1936 ndipo ikaingia shilingi. Kwa hiyo rupia inamweka popote kati ya enzi za babu zetu na enzi za wazazi wa wazazi wetu. Baadaye magazeti yakamtaja kuwa na miaka mia, mia na mbili, mia na zaidi, kila mwandishi na hesabu yake. Jina la Kidude alipewa tangu utotoni kwa udogo wa umbo, na likamganda mpaka uzeeni, likaongezewa "Bi" ya heshima mbele.

Ukisikiliza masimulizi yake mwenyewe utaona maisha yake ya awali ni mlolongo wa kuondoka. Aliondoka chuoni, alipotakiwa akae asome Kurani yeye akatoroka kwenda kusikiliza ngoma. Akaozwa angali msichana mdogo, ndoa hakuitaka, akavuka bahari kwenda bara, akatembea kwa miguu, peku, mji hadi mji, akiimba na makundi ya taarabu. Akaolewa tena, napo hakukaa. Akasimulia kwamba alifika mpaka Misri. Kwenye miaka ya 1940 ndipo alipotulia Unguja, akawa na kibanda chake cha udongo Ng'ambo. Sitaki kuapa kwamba kila kituo cha safari hizo kilikuwa kama alivyokieleza. Bi Kidude alijua kusimulia, na msimuliaji mzuri hubadilisha hadithi kwa kumtazama anayemsikiliza usoni. Lakini mwelekeo hauna shaka. Kila mara familia ilipomfungia mlango, yeye alitokea dirishani. Mtoto hakupata.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha. Wanasema hakuwa na familia, basi dunia ikawa familia yake, wanafunga hadithi. Sivyo. Alikuwa na familia, tena zaidi ya moja, na kila moja ilikuwa na kanuni zake.

Ya kwanza ni ile ya unyago. Huko nje ya visiwa hivi Bi Kidude ni mwimbaji wa taarabu. Kwa wanawake wa Ng'ambo alikuwa kwanza somo. Unyago uliingia Unguja na watu wa bara, waliokuja kwa hiari na walioletwa kwa minyororo, na kwa miaka mingi waungwana wa Mji Mkongwe waliutazama kwa jicho la pembeni kama mambo ya watumwa na watu wa mashamba. Ndani ya ngoma hiyo mwari hufundishwa mwili wake, usafi wake, namna ya kukaa na mume, namna ya kumjibu pia. Wanaume hawaingii. Bi Kidude alijifunga msondo kiunoni, ngoma ndefu ile, akaupiga yeye mwenyewe. Kazi hiyo ilikwenda pamoja na nyingine: kutengeneza wanja, kupaka hina maharusi, kutoa dawa za miti shamba. Kwa hesabu ya kila siku, hizi ndizo zilizomlisha kuliko nyimbo.

Sasa, mwari akishafundwa hamwachi somo wake. Atamwita somo mpaka kufa. Akipata tatizo kwa mumewe atakimbilia huko kabla ya kwenda kwa mama, maana kuna maneno binti hawezi kumwambia mama yake mzazi, na mama hawezi kumwambia binti. Undugu huo hauandikwi popote lakini ni mzito. Hebu fikiria mwanamke aliyefanya kazi hiyo miaka hamsini au zaidi: ni nyumba ngapi za Unguja zina bibi, mama na binti ambao wote walipita mikononi mwake? Ukimwita mwanamke huyo tasa utachekwa.

Ya pili ni familia ya jukwaani, na hii inataka tumtaje Siti binti Saad, kwa sababu Bi Kidude kila alipoulizwa kajifunzia kwa nani alimtaja huyo. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, kiasi cha mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alikuwa akifinyanga vyungu na kuvichukua mjini kuviuza. Aliolewa, akazaa, akaachwa, na kiasi cha 1911 akahamia mjini kabisa. Huko akafundishwa na mtu wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa 1905, na hatimaye akakusanyika na wanaume wanne ambao majina yao yanastahili kukumbukwa zaidi ya yanavyokumbukwa: Subeti bin Ambari, Mbaruku Effandi Talsam, Buda bin Swedi na Maalim Shaabani Umbaye. Mwaka 1928 wakapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri, na Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri za Kiswahili. Inatajwa kwamba hadi 1931 santuri zao zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 72,000.

Kidude mtoto alijipenyeza kwenda kumsikiliza Siti. Hakuwa binti yake wala mpwa wake. Hakuwekwa chini akafundishwa kama mwanafunzi wa chuo. Alisikiliza tu, akachukua. Miaka themanini baadaye sehemu kubwa ya nyimbo alizokuwa akiziimba mbele ya Wazungu zilikuwa ni zile za Siti, zimebadilika mdomoni mwake, zimekatwa hapa na kuongezwa pale, sauti imekwaruza kwa sigara na umri. Kwa taratibu za taarabu hakuna ubaya katika hilo. Wimbo hurithiwa na anayeuimba. Lakini ukija na karatasi za haki miliki utapata kazi: nani mtunzi, nani mrithi, nani alipwe? Zanzibar ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Wakati huo nyimbo zenyewe zilikuwa zimeshapita vinywa viwili vitatu.

Kuna wimbo mmoja katika hizo ambao siwezi kuusikia bila kufikiria yaliyomkuta Bi Kidude mwishoni. Unaitwa "Kijiti". Siti aliutoa juu ya tukio la kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam amekuja Unguja, ana mimba, akatolewa matembezini na watu wa hapa, Kijiti akamfanyia unyama na kumuua, kisha akatorokea bara. Mahakama ya serikali ya kikoloni haikumpata. Waliobanwa na sheria ni wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu, kisa walinunua ulevi. Wimbo ule ulikuwa gazeti la watu wasiosoma gazeti. Na kiini chake ni mwanamke asiye na ndugu karibu, ambaye wanaodaiwa kumlinda wanageuzwa wakosaji. Bi Kidude aliuimba kwa miongo kadhaa. Sidai kwamba alikuwa akijitabiria. Nasema tu kwamba suala la mwanamke na nani wa kumsimamia lilikuwa ndani ya fani hii tangu mwanzo.

Tofauti kati ya wawili hawa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Siti aliacha kizazi. Mwaka 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya Siti of Unguja, akiziimba upya nyimbo za bibi mkuu, na hakuna aliyeuliza kwa haki gani. Siti alipata pia mwandishi: Shaaban Robert alimwandikia wasifu, kitabu ambacho wanafunzi wamekisoma shuleni miaka na miaka. Alipofariki Julai 1950 kila kitu kilikuwa na mwenyewe: damu ina warithi, jina lina kitabu, sauti ina santuri. Bi Kidude yeye hakuandikiwa wasifu na mshairi mkubwa. Aliachiwa filamu, na filamu ina mwenye kamera.

Jukwaa lenyewe lilimlipa vipi? Watu wanadhani mwanamuziki anayekwenda Ulaya na Japani ana fedha. Taarabu ya Unguja haikujengwa hivyo. Klabu kama Culture Musical Club, iliyoanza 1958, zilikuwa za wanachama: huyu mwalimu, huyu karani, huyu fundi, jioni wanakutana kufanya mazoezi. Harusi ikialika, klabu inalipwa. Mwimbaji anapata tunzo, zile noti ambazo wanawake huinuka nazo wakicheza taratibu mpaka mbele na kumpa. Kidumbaki, taarabu ya watu wa chini, yenye ngoma ndogo mbili, fidla na sanduku la chai lililotiwa kamba likawa besi, ndiyo kabisa: wanalipwa kwa harusi, wanapelekwa shamba kwa gari la mizigo, wanapiga mpaka miguu inauma, wanarudi. Harusi ya Matemwe au Makunduchi haikuhitaji orkestra ya watu thelathini. Fedha ya namna hii huingia leo na kutoka leo. Haina akiba, haina bima, haina kiinua mgongo.

Kisha dunia ikamgundua. Katika miaka ya 1980 na 1990 alizunguka nje na makundi kama Twinkling Stars. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004 Ngome Kongwe likawa na uso mmoja unaotambulika mara moja, nao ni wake. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, huko Uingereza. Mwaka 2007 ikatoka Paris diski iliyokusanya nyimbo zake, katika mfululizo wa Zanzibara. Vijana nao hawakumwacha: Offside Trick, kundi la muziki wa kizazi kipya hapa hapa Unguja, wakamwingiza kwenye "Ahmada", na watoto ambao hawakuwahi kukaa kwenye taarabu hata siku moja wakawa wanaijua sauti ya bibi. Mwaka 2012 Rais Kikwete akamvisha nishani. Mwaka ule ule wa kutoweka. Nishani kifuani, ugomvi mlangoni.

Hapo katikati kuna kitu kilibadilika, na naona hakijasemwa vya kutosha. Alipokuwa na miaka sitini au sabini Bi Kidude alialikwa kwa sababu aliimba vizuri. Alipofika tisini alialikwa kwa sababu ana tisini. Matangazo yakaanza kumtaja kuwa pengine ndiye mwimbaji mzee kuliko wote duniani, na umri wenyewe ukawa ndiyo bidhaa. Watu walikwenda kumwona bibi anavuta sigara, bibi anakunywa, bibi anapiga msondo, bibi anasimama dakika arobaini bila kukaa. Na yeye alijua, msidhani hakujua. Aliwapa walichokuja kukitaka, akakitia chumvi. Hata unyago ulipandishwa jukwaani, mbele ya wanaume, jambo lililoleta maneno mengi kwa masomo wengine. Lakini bidhaa ya umri ina kasoro moja: kila mwaka thamani yake inapanda na mwenye nayo anazidi kuchoka. Siku atakapokuwa na thamani kubwa kabisa ndiyo siku hataweza kusimama.

Ndiyo maana maneno ya yule jamaa, apumzishwe, hayakuwa ya kipuuzi. Na ndiyo maana pia jibu la wanamuziki, kwamba jukwaa ndilo linalomweka hai, halikuwa uongo. Bi Kidude mwenyewe aliwahi kuulizwa mara nyingi lini ataacha kuimba, na hakuwa na subira na swali hilo. Tatizo ni kwamba hakukuwa na njia ya tatu. Ama aimbe apate chake, ama asiimbe awe mikononi mwa anayemlisha. Anayemlisha ndiye anayeamua nani aingie kumwona. Hapo hata mtu mwenye nia njema kabisa anaonekana mlinzi wa gereza, na hata rafiki wa kweli anayebisha hodi anaonekana amefuata pesa.

Wanaomjua wamesimulia kwamba alikuwa mtoaji. Kilichokuja kutoka safari kiligawiwa mtaani: huyu ada ya skuli, huyu sukari, huyu nauli. Naelewa kwa nini. Kwa mtu asiye na mtoto, kugawa ndiyo njia ya kujijengea watu. Ndiyo akiba yake. Benki inakupa riba, jirani anakupa uji siku umelala. Ila akiba ya aina hiyo haina hati, na siku ya kuitoa watu wengi wanakuja kuweka madai kwa pamoja.

Sheria nayo haikumsaidia katika hili, na si kwa ubaya. Mirathi ya Kiislamu hufuata damu na ndoa. Wasiohusika kwa damu au ndoa wanaweza kuusiwa, lakini wasia hauvuki theluthi. Mtoto wa kulea hana fungu. Mwari hana fungu. Mpiga kanuni aliyekaa nyuma yako miaka ishirini hana fungu. Mbele ya kadhi, zile familia mbili nilizozieleza, ya unyago na ya jukwaa, hazipo. Iliyopo ni ya tatu, ile aliyokuwa akiikimbia tangu utotoni, ambayo safari hii ilikuja kumchukua na gari.

Najua msomaji wa bara atasema mbona haya yako kila mahali, wasanii wetu wote wanakufa hivi hivi. Kweli. Ila kisiwa ni kidogo. Hapa huwezi kumtelekeza mtu akapotea mjini. Lazima atakuwa kwa fulani, na fulani huyo atajulikana. Kwa hiyo ugomvi wa uzeeni Unguja huwa ni kumgombea mtu, mara chache kumtupa. Wa Dar anaweza kufa peke yake kwenye chumba cha kupanga. Bi Kidude hangeweza kufa peke yake hata angetaka.

Leo ukienda pwani ya mashariki, kuanzia Jambiani hadi Matemwe, utakuta hoteli zinaita vikundi usiku kuwachezea wageni: ngoma kidogo, taarabu kidogo, na "Muhogo wa Jang'ombe" haukosi, wimbo ambao wageni hawajui kuwa Jang'ombe ni mtaa. Waimbaji ni wanawake na wanaume ambao asubuhi wana kazi nyingine. Kwa wanawake wa Matemwe kazi hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini imekuwa ni mwani: maji yanapokupwa wanashuka na kamba na mambo, migongo imeinama, mbele yao Mnemba na maboti ya wazamiaji. Tangu bahari ianze kuwa moto, mwani nao umekuwa wa kusuasua. Mwanamke anayeimba hotelini usiku na kufunga mwani mchana ana nafasi moja ambayo Bi Kidude hakuwa nayo, nayo ni kwamba hakuna anayemjua. Hakuna atakayemgombea. Sijui kama hiyo ni heri au ni shari.

Mwezi Aprili 2016, miaka mitatu kamili baada ya maziko ya Kitumba, Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii: kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 apate, kwa kiwango cha wakati huo, shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Haikuwa fedha nyingi. Mtu akinunua mchele na mafuta imekwisha. Lakini ni fedha ambayo haimtaki mzee aimbe, wala haimtaki jamaa ampe ruhusa. Siku ya malipo utawaona Matemwe na mashamba mengine, vibibi vimejifunga kanga, vimekaa kwa foleni vikitaniana, mmoja anamwambia mwenzake wewe hujafika sabini, rudi nyumbani.

Nikiwaona huwa namfikiria Bi Kidude kwenye foleni ile ya Rahaleo, sigara mkononi, anasubiri jina lake liitwe. Karani angemwuliza, bibi, umezaliwa mwaka gani? Naye angemtazama yule kijana, akavuta moshi, akamwambia: zama za rupia.